Mbawakawa wa Msituni na Nondo wa Mchana: Nani Kashika Rekodi Gani

Mbawakawa wengi wa ardhini hawana haja na miti. Hukaa chini, kwenye majani yanayooza, chini ya magogo na mawe, hutoka usiku kuwinda, na kukicha wamesharudi mafichoni. Calosoma sycophanta hafuati desturi hiyo. Huyu ni mbawakawa wa misitu ya mialoni ya Ulaya, ana urefu wa sentimita 3 hivi na mgongo wa kijani chenye mng'aro wa dhahabu, na mchana kweupe hupanda shina hadi kwenye matawi akifuata viwavi. Mawindo yake makuu ni viwavi wa nondo aitwaye Lymantria dispar, ambaye naye amevunja desturi ya nondo: dume lake huruka mchana, likiyumbayumba katikati ya miti kunusa jike liko wapi.

Rekodi za wadudu zinapoorodheshwa, kwanza huja urefu na uzito. Kwangu mimi hizo ndizo zisizosema mengi. Rekodi yenye maana ni ile inayoonyesha mdudu anaishije, anamla nani na anamwogopa nani. Kwa kipimo hicho, mbawakawa wa ardhini na nondo wa mchana ni wapinzani wanaofaa kabisa. Mmoja kajiwekea makazi gizani, kwenye sakafu ya msitu. Mwingine kauacha usiku wa wenzake akatoka juani. Karibu kila ubingwa wao unatokana na hapo.

Kwa idadi, pambano hili halina usawa. Familia ya mbawakawa wa ardhini, Carabidae, ina spishi zipatazo 40,000 zilizokwisha kupewa majina. Nondo na vipepeo kwa pamoja wanakaribia 160,000, na vipepeo kati yao hawafiki 20,000. Wengi hawajui kwamba kipepeo mwenyewe, kwa nasaba, ni tawi moja la nondo lililohamia mchana yapata miaka milioni 100 iliyopita. Koo nyingine kadhaa za nondo nazo zilihama usiku, kila moja kwa wakati wake na kwa njia yake. Uingereza, kwa mfano, ina spishi nyingi zaidi za nondo warukao mchana kuliko za vipepeo, ingawa watu wanaowaona hudhani wote ni vipepeo.

Nianze na ulafi, kwa sababu ndipo hawa wawili wanapokutana ana kwa ana. Mwishoni mwa miaka ya 1860, Étienne Léopold Trouvelot, Mfaransa aliyekuja kusifika baadaye kwa michoro yake ya sayari na nyota, aliingiza Lymantria dispar nyumbani kwake Medford, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikuwa akishughulika na majaribio ya hariri. Baadhi ya wadudu wake wakatoroka. Miaka 20 hivi baadaye mji ulikuwa umejaa viwavi, na tangu hapo nondo huyo hajawahi kuondoka Amerika Kaskazini. Jike moja hutaga mamia ya mayai katika fungu moja na kuyafunika kwa manyoya ya tumbo lake mwenyewe. Mwaka 1981 pekee viwavi hao walikwangua majani ya zaidi ya hekta milioni 5 za misitu ya kaskazini mashariki mwa Marekani.

Kuanzia mwaka 1905 wataalamu wa Marekani walianza kumwagiza Calosoma kutoka Ulaya ili aje kupambana na adui wake wa asili. Buu la mbawakawa huyu huweza kumaliza viwavi 50 na zaidi katika muda wa wiki mbili hivi za kukua kwake. Mbawakawa mzima huishi miaka miwili hadi minne na kula mamia. Sehemu kubwa ya mwaka hulala chini ya udongo, na huzinduka mapema majira ya joto, wakati uleule viwavi wanapozagaa mitini. Sijui mwindaji mwingine wa saizi yake anayestahili zaidi taji la mla viwavi wa msituni. Hata hivyo, hakulitokomeza pigo lile. Mbawakawa huongezeka baada ya viwavi kuongezeka, kwa hiyo hufika karamu ikiwa imeshaanza. Afrika nayo ina ndugu zake wa jenasi hiyohiyo ya Calosoma, na mkulima wa mahindi aliyewahi kuona viwavijeshi wakifagia shamba ajue kwamba mbawakawa hao wamo katika orodha ya maadui wa viwavi wake.

Tuje kwenye mbio, na hapa lazima nitoke msituni kidogo. Bingwa wa dunia wa kukimbia katika ukoo huu anaishi Australia, kwenye maeneo ya chumvi yaliyo tambarare. Mbawakawa wa kundi la Cicindela aliyepewa jina hudsoni alipimwa akikimbia mita 2.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 9 kwa saa. Ndugu yake mdogo zaidi, eburneola, hukimbia mita 1.86 kwa sekunde, lakini kwa kuwa ni mdogo, mwendo huo ni sawa na kumaliza urefu wa mwili wake mara 171 kila sekunde. Ferdinand Omanyala alipoweka rekodi ya Afrika ya mita 100 uwanjani Kasarani, Nairobi, mwaka 2021, kwa sekunde 9.77, alikuwa akimaliza urefu wa mwili wake kama mara 6 kwa sekunde. Wapo wataalamu wanaowahesabu wakimbiaji hao kuwa familia yao wenyewe, jirani na Carabidae. Kwa vyovyote, ni damu moja.

Kasi hiyo inamgharimu macho. Akiwa katika mbio kali, mbawakawa wa aina hii haoni vizuri, kwa sababu macho yake hayawahi kukusanya mwanga wa kutosha kumchora mnyama anayemkimbiza. Cole Gilbert wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha kwamba ndiyo maana hukimbia, husimama ghafla, hutazama upya windo liko wapi, kisha huchomoka tena. Akiwa mbioni, vipapasio vyake huelekea mbele vikiwa vimekakamaa ili vimwambie kama kuna kizuizi. Mtu asiyejua haya akimtazama ardhini atadhani anasitasita.

Mbawakawa wa ndani ya msitu hawana haja na mbio za namna hiyo. Wengi wao wameacha hata kuruka. Carabus coriaceus, mweusi, mkubwa, mwenye mgongo unaofanana na ngozi iliyokunjamana, hana mabawa ya kurukia na hutembea kwa miguu maisha yake yote. Mwaka 1943 Philip Darlington aliandika kwa kirefu juu ya jambo hili: milimani na visiwani, mbawakawa wa ardhini wasioweza kuruka ni wengi mno. Mahali ambapo makazi hayahamihami, mabawa na misuli yake ni mzigo wa kulisha bure. Matokeo yake ni kwamba kila mlima unaweza kuwa na spishi zake usizozikuta kwingine, kwa kuwa asiyeruka hawezi kuvuka bonde lenye joto kwenda mlima wa pili.

Kwa upande wa mabawa, basi, nondo hana mpinzani. Macroglossum stellatarum, anayepatikana kutoka Ureno hadi Japani, hupiga mabawa mara 70 hadi 80 kwa sekunde akiwa amesimama hewani mbele ya ua, mrija wake wa sentimita 2.5 hivi ukiwa ndani ya ua, miguu ikiwa imekunjwa. Huruka mchana, juani, na kila mwaka wako wanaosafiri kutoka kusini mwa Ulaya hadi nchi za kaskazini. Kinachonistaajabisha zaidi ni jicho lake. Almut Kelber na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, wamefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kwamba nondo huyu anatofautisha rangi, anajifunza ua lipi lina mbochi, na akiwa ametoka tu kwenye pupa, kabla hajafundishwa na chochote, huelekea rangi ya buluu. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walionyesha kwamba anauongoza mrija wake kwa kuutazama, akiurekebisha kidogo kidogo juu ya michoro ya ua. Kiungo chembamba hivyo, kirefu karibu kama mwili wake, kinaendeshwa kwa jicho huku mabawa yakipiga kwa kasi ile: kwa ustadi wa mwili, hii ndiyo rekodi ya juu kabisa katika makala haya.

Afrika Mashariki tunaye ndugu yake tunayeweza kumwona bila safari. Kwenye gadenia za bustanini na mashamba ya kahawa kuna Cephonodes hylas, nondo wa kijani-njano anayevuma kama nyuki mkubwa, mabawa yake yakiwa hayana rangi kabisa, unaona ua la nyuma yake kupitia bawa. Kiwavi wake, mwenye kipembe mkiani, hula majani ya mibuni na mimea ya jamii hiyo. Nondo huyu hazaliwi na mabawa ya kioo. Anapotoka kwenye pupa mabawa yake yamefunikwa vigamba vya kijivu kama nondo yeyote. Kisha anayapiga kwa mara ya kwanza, na vigamba vinapukutika vyote kwa mkupuo, wingu dogo la vumbi, na bawa linabaki wazi. Ukilitazama bawa hilo kwa hadubini ya elektroni utaona limejaa vinundu vidogo mno vilivyopangwa sawasawa. Vinundu hivyo huzuia mwanga usiakisiwe, ndiyo maana bawa halimeti juani na ndege hapati cha kulenga.

Kwa silaha, mbawakawa anarudi kwa kishindo, na hapa sitaki kuharakisha. Charles Darwin alipokuwa mwanafunzi Cambridge alibandua gome la mti akakuta mbawakawa wawili adimu, akamshika mmoja kwa kila mkono. Akamwona wa tatu, wa aina nyingine. Kwa kutotaka kumkosa, alimtia mmoja mdomoni ili mkono upate nafasi. Mbawakawa yule alitema majimaji makali yaliyomuunguza ulimi. Darwin akamtema, akampoteza, na yule wa tatu naye akatoroka. Mbawakawa wa ardhini karibu wote wana tezi za namna hiyo nyuma ya mwili. Anthia wa savana za Afrika, weusi wenye madoa meupe, hurusha asidi ya fomiki, ileile ya sisimizi, na wanaogopwa kiasi kwamba wana mwigaji asiyetarajiwa. Huko Kalahari, watoto wa mjusi Heliobolus lugubris huzaliwa weusi wenye mabaka meupe na hutembea kwa kukunja mgongo na kukaza miguu, mwendo wa Anthia mtupu. Wakikua, huacha rangi hiyo, huwa na rangi ya mchanga mwekundu, na hutembea kama mijusi wengine. Raymond Huey na Eric Pianka walieleza habari hii mwaka 1977. Mnyama mwenye uti wa mgongo anayejificha kwa kumwiga mdudu ni jambo adimu mno.

Lakini taji la silaha linakwenda kwa mbawakawa kutoka Kenya, Stenaptinus insignis. Ndani ya tumbo lake mna vyumba viwili kwa kila tezi. Cha kwanza ni ghala lenye haidrokwinoni na haidrojeni peroksidi, ambazo zikikaa pamoja bila kuguswa hazifanyi lolote. Cha pili kina vimeng'enya na kuta ngumu. Akishikwa mguu na sisimizi, anakamua ghala. Mchanganyiko unaingia chumba cha pili, vimeng'enya vinauchanganya kwa ghadhabu, joto linafika nyuzi 100 za Selsiasi, na majimaji yanayochemka yanaruka nje kwa mlio unaosikika. Thomas Eisner na wenzake, akiwemo Harold Edgerton wa MIT, bingwa wa kupiga picha za kasi, walichapisha mwaka 1990 uchunguzi wao kuhusu mbawakawa huyu: mrusho wake haumwagiki mfululizo, unakatwa vipande kama 500 kwa sekunde. Kila mpigo hujifunga wenyewe kwa shinikizo lake, chumba kinapoa kidogo, kisha mwingine unafuata, na ndiyo maana hajichemshi mwenyewe. Baadaye Eisner alionyesha pia kwamba ncha ya tumbo lake inazunguka pande zote, hata juu ya mgongo kuelekea mbele, hivyo akiumwa mguu wowote anaulenga palepale.

Mtu anaweza kuuliza kama silaha hiyo inamfaa akishamezwa. Inamfaa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, walichapisha majaribio ya kuwalisha vyura ndugu wa mbawakawa huyu. Vyura waliwameza, na mlipuko ukasikika tumboni. Asilimia 43 ya vyura walitapika, kati ya dakika 12 na 107 baada ya kuwameza. Mbawakawa waliotapikwa walitoka hai.

Nondo wa mchana hana mzinga. Anachofanya ni kuwa sumu mwili mzima, kisha kutangaza. Zygaena filipendulae wa nyasi za Ulaya huruka polepole juani, mweusi mwenye madoa sita mekundu kila upande, na hana haraka na ndege yeyote. Mwili wake una linamarini na lotaustralini, ambazo zikivunjwa hutoa sianidi. Msomaji anayekula muhogo anazijua kwa matokeo yake hata kama hajazijua kwa jina: ni kemikali zizo hizo zinazofanya muhogo mchungu ulazimu kulowekwa, kuchachushwa au kuanikwa kabla ya kuliwa. Kiwavi huzichukua kutoka kwenye majani anayokula, na yakikosa sumu hiyo huitengeneza mwenyewe. Mwaka 2011 timu ya Chuo Kikuu cha Copenhagen ilizitambua jeni tatu anazotumia kwa kazi hiyo na kukuta kwamba ni hatua zilezile za kikemia zilizomo kwenye mmea, ingawa mdudu na mmea walizifikia kila mmoja kwa njia yake. Dume humpa jike sehemu ya sumu hiyo wakati wa kujamiiana, kama mahari. Katika ushindani wa sumu mwilini, nampa nondo ushindi bila kusita.

Rangi pia ni ya nondo. Mwaka 1773 Mwingereza Dru Drury alieleza mdudu mwenye mabawa meusi yaliyovukwa na kijani, buluu, nyekundu na dhahabu, mwenye mikia nyuma, akamwita kipepeo. Alikuwa ameambiwa katoka China au Bengal. Alikuwa nondo, na kwao ni Madagaska: Chrysiridia rhipheus. Kijani chake na dhahabu yake hazitoki kwenye rangi ya kupaka. Kila kigamba kimejipinda na kina matabaka membamba ya kitini yaliyotenganishwa na hewa. Mwanga ukipita humo, mawimbi mengine hufutana na mengine huongezeana, na jicho hupata rangi. Kwa kuwa kigamba kimejipinda, mwanga huruka pia kutoka kigamba hadi kigamba jirani na kuzaa rangi ya pili. Sehemu nyeusi tu ndizo zina wino wa kweli.

Ndugu yake wa pekee katika jenasi hiyo ni wetu. Chrysiridia croesus, aliyepewa jina na Gerstaecker mwaka 1871, anaishi Kenya, Tanzania bara na Zanzibar. Mabawa yake ni ya kijani na dhahabu zaidi, mikia yake mifupi. Viwavi wa wote wawili hutegemea mmea wa jenasi moja tu, Omphalea, wenye sumu yake. Kule Madagaska, viwavi wakishautafuna sana, mmea huo huzidisha sumu, na kizazi kinachofuata cha nondo hulazimika kuhama. Huvuka kisiwa kati ya misitu mikavu ya magharibi na misitu ya mvua ya mashariki.

Ukubwa niumalize kwa haraka. Katika Carabidae, mmoja wa warefu kabisa ni Mormolyce phyllodes wa misitu ya Malaysia na Indonesia, aliyeelezwa mwaka 1825. Hufika sentimita 10, lakini ni mwembamba kama karatasi, na mabawa yake magumu yametanuka pembeni hadi umbo lake linafanana na zeze. Wembamba huo humwezesha kupenya chini ya magome na katikati ya matabaka ya uyoga mgumu wa mitini, ambamo mabuu yake hukulia.

Rekodi ya mwisho ni ile ambayo hakuna aliyeitaka. Kisiwani Mtakatifu Helena, katikati ya Atlantiki, aliishi Aplothorax burchelli, mbawakawa mkubwa mweusi wa ardhini asiyepatikana penginepo duniani. Hajaonekana tangu miaka ya 1960. Jamaika ilikuwa na Urania sloanus, nondo wa mchana wa familia moja na Chrysiridia, mwenye rangi zinazoshindana naye. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa mwishoni mwa karne ya 19, baada ya misitu ya nyanda za chini kufyekwa kwa ajili ya mashamba. Viwavi wa jenasi yake nao hula Omphalea.

Huku kwetu misitu ya pwani imebaki vipande vipande. Mradi wa Kipepeo wa Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, umeonyesha tangu mwaka 1993 kwamba wanakijiji wanaweza kupata kipato kwa kufuga vipepeo na kuuza pupa nje bila kukata mti. Ningependa kuona hesabu za namna hiyo zikimfikia na Chrysiridia croesus, zikianza na mmea wake: Omphalea iko katika misitu ipi, imebaki kiasi gani, na ni nani anayeitambua akiiona. Na anayekwenda kuitafuta ageuze magogo njiani, awaandike na mbawakawa atakaowakuta chini yake, kwa kuwa wasioruka hawana msitu mwingine wa kukimbilia.